Magadi ya Mlima Lengai: Somo Halijaisha Hadi Liandikwe kwa Kiswahili

Kila inapokaribia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, mashairi ya kukisifu Kiswahili huja kwa mafungu. Nimeyasoma mengi, na baadhi yake nimeyapenda. Vina vimetulia, mizani haikupungua wala kuzidi, na lugha imeitwa kwa majina yote ya heshima: lulu, johari, nuru, mama. Ila kuna jambo moja ambalo halinitoki. Lugha inasifiwa kwamba inaweza kusema kila kitu, na shairi lenyewe halisemi kitu kingine chochote isipokuwa kwamba lugha inaweza kusema. Ni mpishi anayesimama mlangoni akisifu chungu chake mchana kutwa, na wageni hawajaonja hata punje.

Sidhani kwamba washairi wetu wamepungukiwa na ustadi. Wamepungukiwa na mambo ya kutungia. Mapenzi, mauti, mawaidha, siasa na sifa za lugha: ukiyaondoa hayo matano, diwani nyingi za siku hizi zingebaki majalada matupu. Waliotutangulia hawakuwa hivyo. Mathias Mnyampala alikuwa hakimu, akaandika pia kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa mwanazuoni wa dini, meya wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria. Shaaban Robert alifanya kazi forodhani, akaandika insha, riwaya na wasifu wa Siti binti Saad. Watu hao walikuwa na visima vingi vya kuchota, na ushairi ulikuwa mmoja tu wa mitungi yao.

Visima vya leo viko wazi kuliko vya wakati wowote uliopita, na wengi wetu tunapita kando yake. Mwaka 2001 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT, kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni, yasomwe na yeyote bila malipo, na mwaka uliofuata ya kwanza yakaonekana. Leo ni zaidi ya masomo 2,500, na hakuna anayekuuliza jina lako unapoingia. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilifungua OpenLearn mwaka 2006. Chuo cha Yale kikaweka mihadhara yake kamili ya darasani kuanzia 2007. Salman Khan, aliyeanza kwa kumfundisha binamu yake hesabu kwa mbali, akaishia kuwafundisha mamilioni ya watu wasiomjua. Mwaka 2012 wakaja Coursera na edX. Hesabu, muziki, sheria ya Kirumi, mwenendo wa nyota, ubongo, udongo: vyote vimewekwa sebuleni, na mlango umeachwa wazi.

Najua pingamizi la kwanza, kwa kuwa nimelisikia vijiweni na hata katika vikao vya walimu wastaafu: mtu mzima anayesoma jiolojia saa nne usiku anatafuta nini? Hana mtihani, hana cheti, hatapandishwa cheo. Takwimu nazo huletwa kama ushahidi. Katika mwaka wa kwanza wa masomo ya wazi ya Harvard na MIT, masomo 17 kwa jumla, waliojiandikisha walihesabiwa 841,687, na waliopata cheti walikuwa 43,196. Wako wanaozisoma namba hizo kama matokeo mabaya ya darasa. Nami nimesahihisha mitihani kwa miaka mingi mno kiasi cha kutodanganyika na asilimia. Maktaba haipimwi kwa idadi ya watu waliosoma vitabu vyote mpaka jalada la mwisho. Mtu mzima huingia katika somo kama aingiavyo sokoni: anajua anachokitaka, au hajui, na anatoka na kile kilichomvutia. Cheti kilikuwa ruhusa ya kuingia kazini, na sisi tumekwisha kutoka.

Hata hivyo siungi mkono kula mhadhara mmoja baada ya mwingine kama karanga. Nina sharti moja, nalo ndilo linalonifanya niandike hapa na si pengine. Nasema somo halijaisha hadi mwanafunzi ameliandika kwa Kiswahili, kwa ukamilifu, ili mtu asiyewahi kulisikia alielewe. Ukurasa mmoja unatosha.

Nieleze kwa mfano. Nilipopitia masomo ya bure kuhusu volkeno, yaliyoandaliwa mbali sana na hapa, mlima uliotajwa kuwa hauna mwenzake duniani ulikuwa wetu: Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, mkoani Arusha, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Volkeno nyingine zote zilizo hai hutapika lava iliyotokana na miamba ya silika. Lengai hutapika lava ya kabonati. Lava ya kawaida, kama ile ya Hawaii, huwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,100 za Selsiasi, na usiku hung'aa kama chuma kilichotoka kiwandani. Ya Lengai ina nyuzi 500 hadi 600 hivi. Mchana inaonekana nyeusi au kahawia, nyepesi, ikitiririka kama mafuta machafu ya gari. Kisha inapokutana na unyevu wa hewa na mvua, hugeuka kuwa nyeupe, hata mtu aliye mbali akadhani ni theluji.

Wataalamu wana jina refu la lava hiyo, lenye silabi za kumchosha hata msomi. Nilikaa na kalamu nikijaribu kuliandika kwa Kiswahili, na ilinibidi niulize limeundwa na nini. Sehemu kubwa ni kabonati ya sodiamu. Na kabonati ya sodiamu ni kitu gani? Ni magadi. Yale yale yanayookotwa kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa, yanayouzwa sokoni kwa mafungu, ambayo mama zetu huyatia katika maharage makavu na makande ili yaive upesi. Jina Natron la ziwa lenyewe halina maana nyingine ila hiyo. Basi Lengai ni mlima unaotoa lava ya magadi. Semeni mwenyewe, msomaji: ni jina gani linalofundisha, lile refu au hili? Bibi wa kijijini ambaye hakuvuka darasa la nne, ukimwambia kwamba mlima ule unatoa magadi yaliyoyeyuka, atajua rangi yake yakikauka, atajua yanavyoyeyuka majini, na pengine atakuuliza swali ambalo profesa hajaulizwa.

Kuna na la ziada, ambalo washairi watalifurahia. Katika lava hiyo limo dini moja, yaani madini kwa umoja kama wasemavyo baadhi ya wataalamu wetu (mimi sijalizoea, linanipeleka msikitini na kanisani), lililopewa jina la Mwalimu Nyerere: nyerereite, kabonati ya sodiamu na kalsiamu. Kwa hiyo mtu aliyewatafsiria Waswahili Shakespeare, na ambaye mwenyewe alitunga mashairi, jina lake limo ndani ya mlima, katika fuwele zisizodumu mvua ikinyesha. Hayo nimeyapata bila kulipa ada yoyote. Je, ni mashairi mangapi ya kumsifu Mwalimu mliyoyasoma? Na ni mangapi yanayoujua mlima huo?

Nilipoiandika habari hiyo kwa Kiingereza cha daftari, nilikuwa nimenakili tu. Ni Kiswahili kilichonilazimisha kuuliza kitu hiki ni nini hasa, kwa kuwa neno la kukopa sikulipata upesi, na njia ya mkato haikuwepo. Wengi huuona upungufu huo wa istilahi kuwa aibu ya lugha yetu. Kwa mwanafunzi mtu mzima ni neema, maana unamnyima maneno ya kujifichia.

Mfano wa pili niupitie kwa haraka zaidi. Katika elimu ya falaki nilikutana na kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia, jina lililotokana na kulima. Methali ya wazee, katika sehemu yake moja, husema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi Mei, tukilitazama jua kutoka hapa duniani, hupita upande ule ule wa anga zilipo nyota hizo. Mwishoni mwa Aprili, masika yamekaza, Kilimia huonekana chini kabisa magharibi mara tu giza linapoingia. Kisha kwa majuma kadhaa hakionekani, kimemezwa na mwanga wa jua. Na mwezi Juni huzuka mashariki kabla ya mapambazuko, mvua zimekatika na kipupwe kimeingia. Maneno saba ya methali ni taarifa ya kisayansi iliyo kamili. Wazee hawakuwa na darubini. Walikuwa na subira, na lugha ya kuhifadhia kile walichokiona. Nami sikuielewa kwa undani hadi mwalimu wa ng'ambo, ambaye hajawahi kulisikia neno Kilimia, aliponichorea njia ya jua.

Sasa turudi kwenye mizani, maana najua mnaningoja hapo. Itasemwa kwamba istilahi za sayansi hazikai katika shairi. Chukueni usanisinuru, yaani kazi ya majani kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. U-sa-ni-si-nu-ru: mizani sita. Likiingia katika kipande cha mizani nane, linakuachia mbili tu za kupumulia. Ni kweli linabana. Lakini tazameni kina chake: -ru. Uhuru, shukuru, ushuru, kunguru. Mshairi aliyechoka kukutanisha moyo na kilio amepewa hapo jirani mpya kabisa. Gandunia, lililounganishwa kutoka ganda na dunia kwa ajili ya mabamba yanayobeba mabara, lina mizani nne sawasawa, nusu ya kipande, kana kwamba aliyeliunda alikuwa mtu wa tenzi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yako humo zaidi ya miaka thelathini yakingoja kuposwa.

Na ushairi wa kufundisha si mgeni kwetu. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi ili amwachie maarifa ya kuishi, na hakuna aliyemwambia kwamba mafunzo si mali ya ushairi. Twaweza kuyapinga baadhi ya aliyoyafundisha, ila umbo alilolichagua ni halali yetu bado.

Pingamizi jingine ni la siku hizi: mashine inatafsiri. Bonyeza kitufe, na maneno ya mhadhara yatakuja kwa Kiswahili. Naitumia, sina kiburi nayo, na kwa asiyejua Kiingereza ni afadhali ya kuwa na kitu kuliko kukosa. Lakini mashine hufasiri sentensi iliyoko mbele yake. Haina chungu cha makande jikoni. Daraja kati ya lava na magadi ni la mtu aliyewahi kuyaonja magadi, na mtu huyo asipoliandika, hata mashine itakayokuja kesho haitakuwa na mahali pa kujifunza.

Wapo wanaohofu kupotosha, na hofu hiyo naiheshimu. Mtu aliyesikiliza mihadhara sita hajawa mtaalamu. Dawa yake ni ile tuliyowapa wanafunzi: taja ulikosoma, usiseme zaidi ya ulichokielewa, na mpe mwenzako asome kabla hujakitoa. Kuhusu ruhusa, wasiwasi ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Masomo ya MIT na sehemu kubwa ya OpenLearn hutolewa kwa leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kunakili, kurekebisha na kutafsiri, mradi ataje chanzo, asifanye biashara, na kazi yake aiachie wengine kwa masharti hayo hayo. Yaani mwenye nyumba ametupa ufunguo na kutuandikia barua kwamba tuutumie.

Si nyumba zote zenye ukarimu huo, na hapa wasomaji wangu wawe macho. Masomo yaliyoanza kwa nia njema mara nyingine huishia mikononi mwa wafanyabiashara. Mwaka 2021 edX iliuzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na mwaka 2024 kampuni hiyo ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Kilicho cha bure leo kinaweza kufungiwa kesho. Ndiyo maana nawapendelea wanaoruhusu mtu kupakua somo zima akalihifadhi. Kisha kuna bando. Mhadhara wa video wa saa moja hula fedha ya mboga, na anayesema elimu ya mtandaoni ni bure tupu hajanunua bando siku za karibuni. Mimi hupakua maandishi ya mhadhara, ambayo ni mepesi, na video huitazama pale tu penye mchoro usioelezeka kwa maneno. Asiyejaribu kusoma mhadhara badala ya kuutazama hajui ni muda kiasi gani unaookoka.

Lakini kuhusu kujifunza peke yako chumbani na simu, hapo nina shaka, na historia yetu wenyewe ndiyo inayonipa shaka hiyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza vipindi vya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu, wakasoma vijitabu pamoja, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakukuwa na ada, wala mtihani. Na kila neno lilikuwa la Kiswahili! Dunia ilipoanza kushangilia masomo ya wazi kwa umma mwaka 2012, sisi tulikuwa tumekwisha kuyafanya kwa redio za betri takriban miaka arobaini kabla. Tulilolipoteza ni kile kikundi.

Kwa washairi kuna somo moja la bure ambalo linafanana na kikundi hicho kuliko mengine yote niliyoyaona. Ni lile la ushairi wa kisasa wa Marekani la Al Filreis, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, lililoanza mtandaoni mwaka 2012 na kuwapata zaidi ya watu 30,000 mara ya kwanza. Huanza na Emily Dickinson na Walt Whitman. Profesa hahutubii. Ameketi mezani na vijana, na wote wanalipekua shairi fupi neno kwa neno: kwa nini neno hili na si lile, kituo hiki kinafanya nini, sauti hii inatoka wapi. Dakika nyingi kwa mishororo michache. Mtu haondoki na maoni kwamba shairi ni zuri. Anaondoka akijua limefungwaje. Nilipolitazama nilizifikiria hafla zetu, ambapo malenga husoma beti ishirini, tunapiga makofi, na anayefuata anapanda jukwaani.

Tunaweza kufanya vivyo hivyo bila kumngoja mfadhili. Watu watano, mahali pamoja au kwa simu, wachague somo moja lisilohusiana na ushairi hata kidogo. Mmoja anayekijua Kiingereza vizuri apitie maandishi ya mhadhara na kuwasimulia wenzake. Hilo ndilo deni la kila aliyesomeshwa sekondari kwa Kiingereza, kama tulivyosomeshwa Watanzania wengi wa umri wangu na kama watoto wanavyosomeshwa mpaka leo. Wanne wamuulize mpaka aishiwe na maneno ya kukopa. Halafu uandikwe ukurasa wa nathari. Ubeti uje baadaye, ukija. Ukurasa huo una makao tayari: Wikipedia ya Kiswahili iko tangu 2003, na makala zake nyingi za sayansi zina sentensi tatu au nne tu.

Kikundi chetu kidogo kwa sasa kimekwama kwenye tabaka nene lililo kati ya ganda la dunia na kiini chake. Wengine wanaliita koti. Mwenzetu mmoja amepinga: ganda ni neno la yai, na kiini ni neno la yai, basi katikati pawe ute. Hoja yake imeniingia, maana picha inakamilika yenyewe. Lakini miamba ile ni migumu. Haitiririki kama ute, bali husogea polepole mno kwa mamilioni ya miaka, na mtoto atakayesikia ute atadhani kwamba tunaelea juu ya uji. Mwenye hoja ya koti, au ya ute, au neno la tatu alilolisikia kwa wafinyanzi, wachimba visima au wavunja kokoto, atuandikie. Hatudai vina wala mizani.